Fundi Salu Adai Fungu Lake la Ugonjwa

Kuna watu huonea wivu nyumba yenye bati la msauzi, kuna wanaoonea wivu pikipiki, na kuna mzee mmoja wa Zagayu aliacha kusalimiana na jirani yake kwa sababu mbuzi wa jirani alizaa mapacha. Salu, fundi cherehani wa Bariadi mjini, aliwapita wote hao. Yeye alimwonea kaka yake wivu wa ugonjwa.

Tena si ugonjwa wowote. Kwa malaria asingejisumbua, malaria ni ya kila mtu. Kaka yake, Bujiku, alirudi kutoka hospitali kubwa ya Mwanza na ugonjwa ambao hata aliyemwandikia cheti ilibidi avute pumzi katikati ya jina: amiloidosisi ya transthairetini. Habari ilifika mjini kabla ya mgonjwa mwenyewe. Aliyeileta ni Hamimu, mwenye duka la vitambaa ambalo Salu alikuwa ameweka cherehani yake barazani.

"Fundi, kaka yako kapata ugonjwa wa kisomi."

"Presha?"

"Presha gani! Presha hata mimi ninayo. Huu ukitajwa jina, muuguzi anatafuta kiti. Wanasema moyo wake umeshikwa na kitu kama ukoko."

Salu akakanyaga pedali kwa hasira, na mguu wa kulia wa suruali ya mwalimu fulani ukashonwa pamoja na wa kushoto.

Wivu huo haukuanza kwenye ugonjwa. Marehemu mzee Ngassa wa Nkololo alikuwa na wake wawili na ng'ombe wa kutosha kumfanya asalimiwe kwanza na watu waliomzidi umri. Bujiku alizaliwa na mke mkubwa. Salu alizaliwa na mke wa pili, na hapo ndipo uvumi ulipoingia. Ilisemekana kwamba msimu ule Ngassa alikuwa ameswaga ng'ombe mbali, upande wa Kimali, kufuata majani, na pale nyumbani kulikuwa na mnunuzi wa pamba, mgeni mwenye kofia na baiskeli mpya. Mtoto alipozaliwa, Generoza, dada yake Ngassa, alihesabu miezi kwa vidole, na kidole kimoja kikabaki kimesimama. Hakijashuka mpaka leo.

Kwa hiyo Bujiku alipopita njiani watu walimwita ng'wana Ngassa, yaani mwana wa Ngassa, kwa sauti ya kupokea mtu. Salu alipopita, walisema, "Fundi, zipu yangu vipi?" Alikuwa ameshona nusu ya sare za shule za wilaya, amezeeka, ameoza meno mawili, na bado alikuwa hajaitwa jina la baba yake na mtu yeyote asiyekuwa karani wa uandikishaji.

Ngassa alipokufa, matanga yalipoisha, Bujiku alikabidhiwa upinde na kigoda cha baba. Salu alipewa koti la mvua. Alilivaa palepale mbele ya ukoo, mabega yakakataa. "Hata koti linamjua mwenyewe," alisema shangazi Generoza, na watu walicheka mpaka mchungaji akasahau alipokuwa amefika kwenye sala.

Huyo Ngassa alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi kabla ya salamu alikuwa akikung'uta mikono yake yote miwili, kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo. Alisema vidole vyake vinakufa ganzi. Miaka ikapita, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi. Alipokufa jirani mmoja alihama kijiji kwa usalama wake, maana ilibidi apatikane aliyemroga.

Bujiku alipofika umri wa mvi, naye akaanza kukung'uta mikono. Watu wakasifu: "Mtazame, baba yake mtupu!" Salu aliposikia sifa hizo, kesho yake alifika barazani kwa Hamimu na kukung'uta mikono yake mbele ya wateja, bila ganzi wala nini, kama anayefukuza kuku. Aliigiza hivyo kila asubuhi kwa uaminifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwenye tarehe za wateja. Na katika kuigiza huko kuna siku, haijulikani ni ipi, ganzi ya kweli ilikuja ikakaa mahali pa ile ya uongo. Mkasi ukaanza kumponyoka. Vifungo vikawa havishikiki. Salu akajipongeza kwamba sasa anaigiza vizuri zaidi.

Basi siku ya Jumapili alipanda bodaboda na mkewe Nyanjige kwenda Nkololo kumpa pole kaka yake. Walikuta uwanja umejaa. Bujiku alikuwa amekalia kigoda cha baba, miguu ameiweka juu ya gunia la pumba, imevimba na kung'aa.

"Mwadila, baba," walimwamkia wageni mmoja mmoja.

"Mwadila. Karibuni michembe." Na kila aliyekaa alipewa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na hadithi. "Wamenidunga dawa ya mionzi. Dawa hiyo kazi yake ni kuonyesha mifupa kwenye picha. Basi mifupa ikawaka. Kumbe na moyo nao ukawaka! Daktari akaniambia, mzee, moyo wako unajifanya mfupa."

Watu waliguna kwa heshima. Salu alimtazama kaka yake na kuona kwamba hata kuugua anaugua kikubwa. Yeye akiugua, moyo wake usingewaka. Ungefuka moshi.

"Miaka yote nimemeza dawa za presha bure," Bujiku akaendelea. "Kumbe mwenye kosa ni jambo la kwenye damu ya ukoo. Ni la kurithi. Limetoka kwa baba."

Mchembe ulimkwama Salu. "Limetoka kwa nani?"

"Kwa baba. Na daktari kasema ndugu zangu wa damu wapimwe. Kuna daktari huja Bariadi hospitalini, ataanza na ninyi."

Shangazi Generoza alikuwa pembeni anabangua karanga. Alikuwa mzee sana, masikio yamemwishia isipokuwa kwa mambo ya watu. "Wa damu, kasema? Basi wewe Salu usijichoshe na safari. Waachie wenyewe sindano zao."

Uwanja mzima ulitazama chini kwa adabu, mabega yakitikisika.

"Shangazi," Nyanjige akasema, "karanga zimekwisha hapo kwenye ungo, naona sasa unabangua watu."

Lakini Salu alikuwa hasikii tena. Njiani kurudi, upepo ukimpiga usoni, alipiga kelele kuzidi hata mlio wa pikipiki: "Ng'ombe kachukua! Upinde kachukua! Kigoda ndiyo hicho kakalia! Sasa na ugonjwa wa baba anataka aurithi peke yake?"

"Mume wangu, wenzako wanagombania mashamba."

"Na mimi nagombania haki yangu! Nikikutwa nao, Nyanjige, nani atafungua mdomo tena?"

Daktari mwenyewe alikuwa Shifa, binti wa mzee Ramadhani wa duka la kanga pale sokoni. Salu ndiye aliyemshonea sare ya darasa la kwanza. Sasa alikuwa daktari wa moyo Mwanza, na mara moja moja alikuja Bariadi kuona wagonjwa.

"Shikamoo baba Scola," daktari akamwamkia Salu kwa jina la binti yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua ugonjwa wangu."

Daktari Shifa aliweka kalamu chini. Salu akaanza kutoa mali zake moja moja: ganzi ya mikono yote miwili, mkasi unaoponyoka, pumzi inayokatika akipanda ngazi za benki. Akavuta suruali juu. "Na miguu, bonyeza hapo. Bonyeza kwa nguvu. Si panabonyea?"

"Panabonyea kidogo."

"Kidogo tu?" Uso ukamshuka. "Ya Bujiku kinazama kidole kizima."

"Baba, nikueleze kwanza kitu chenyewe. Unajua mkokoteni wa maksai wanne?"

"Nimekulia nyuma yake."

"Vizuri. Ini lako linatengeneza protini, ndiyo hiyo transthairetini. Ina vipande vinne vilivyoshikana, kama maksai wanne kwenye nira moja. Kazi yao ni kubeba mzigo kwenye damu: vitamini A, na homoni moja ya kwenye shingo. Wakiwa wanne pamoja, wanatembea maisha yote, hakuna shida. Shida ni nira ikilegea. Wanaachana. Na dume akiwa peke yake haendi popote pa maana, anajikunjakunja, anaangukia shamba la watu. Anakuja mwingine anamlalia, na mwingine, wanakuwa rundo. Rundo hilo ndilo amiloidi. Mwili hauwezi kuliondoa. Likilala kwenye kifundo cha mkono, linabana mshipa wa fahamu, unapata ganzi. Likilala kwenye moyo, moyo unakuwa mgumu, haujai damu vizuri, ndipo pumzi na miguu."

"Na baba yetu?"

"Kuna wazee nira inawalegea kwa uzee tu, bila urithi wowote. Lakini kwa kaka yako tumekuta ni ya kuzaliwa. Maksai wake wana kasoro ya nundu tangu ndama, nira haikai. Na hiyo hutoka kwa mzazi."

"Kwa baba!"

"Kwa mzazi mmojawapo, na kwa dalili mnazosimulia, huenda ni baba. Sasa nisikilize, hapa ndipo watu hawasikii. Mzazi mwenye kasoro hampi kila mtoto. Ni kama kurusha shilingi. Ukikosa, haina maana wewe si mtoto wake. Na ukiwa nao, watoto wako nao kila mmoja…"

Salu alikuwa ameshakunja mkono wa shati hadi kwapani. "Damu chukua ya kutosha," alisema. "Usibanie."

Damu ilisafirishwa, na majibu yalikawia. Pamba ilikuwa vitumba vibichi, ikafunguka, ikavunwa. Muda wote huo Salu aliishi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kila jioni alibonyeza miguu yake na kulinganisha na ya Bujiku kwa simu. "Yako leo vipi?" "Imepungua, nimepewa dawa ya kukojoa." "Ya kwangu imepanda!" alisema Salu kwa sauti ya mtu ambaye timu yake imesawazisha. Kanisani alitoa ombi la siri, na mzee wa kanisa, bila kujua linahusu nini, aliitikia amina mara mbili.

Siku ilipofika, Daktari Shifa alifunga mlango, akavuta kiti karibu, akashika mkono wa Nyanjige. "Baba Scola. Umekutwa nao. Na ile picha ya moyo tuliyopiga inaonyesha kuta zimeanza kuwa nene. Pole sana."

Salu, ambaye hakuwa Mwislamu, alisema "Alhamdulillahi" kwa heshima ya daktari, akainuka na kumpa mkono.

"Baba, umenielewa? Dawa ya kukaza nira ipo duniani, lakini kuipata hapa ni kazi kubwa. Tutahangaika. Kwa sasa…"

"Nipe karatasi yangu, mwanangu. Yenye muhuri."

Aliipeleka kwenye kibanda cha fotokopi ikafungwa kwenye plastiki, akaitundika ukutani juu ya cherehani. Hamimu alitoka dukani, akaisoma yote, akavua kofia.

"Salu, umetundika kifo chako ukutani kama leseni ya biashara?"

"Si kifo. Ni cheti cha kuzaliwa."

Jumapili akaishusha, akaenda nayo Nkololo, akavuka uwanja wa kaka yake bila salamu na kumwekea shangazi Generoza mapajani. Shangazi hakujua kusoma. Bujiku akasoma kwa sauti, polepole, akipumzika penye neno refu, na alipomaliza kulikuwa na ukimya ambao Salu alikuwa ameungoja tangu utoto.

Shangazi aligeuza plastiki mbele nyuma. Alimtazama Salu mikono, akatazama masikio. "Hee," alisema. "Basi ni kweli. Karibu, ng'wana Ngassa."

Salu alikaa. Aliletewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha wakubwa. Watoto wa jirani walitumwa kuja kumwamkia. Ng'wana Ngassa huku, ng'wana Ngassa kule, na kila mara alijifanya hakusikia vizuri ili waseme tena. Alikuwa na furaha ya kijinga, nzima, isiyo na ufa, na alimtazama Bujiku aone kama inamchoma.

Bujiku alikuwa analia.

"Wewe unalia nini?"

"Mdogo wangu, tangu waniambie, kila siku nilikuwa naomba ule umbea uwe kweli. Nilikuwa nasema, angalau Salu kaponea. Angalau mmoja."

Salu akamnong'oneza Nyanjige: "Unamwona? Mpaka leo hataki niwe mtoto wa baba."

Nyanjige alikuwa ameacha kunywa maziwa yake, anahesabu kitu kichwani.

Wiki hiyo hiyo Scola, binti yao wa kwanza, alikuja barazani. Scola alikuwa msusi, banda lake likitazamana na duka la Hamimu kwa ng'ambo ya njia, na hakuna aliyekuwa anasuka twende kilioni kwa kasi yake Bariadi nzima. Mtoto alikuwa mgongoni. Alisimama mbele ya ile plastiki muda mrefu.

"Baba, daktari alisema nini kuhusu sisi?"

"Alisema wewe ni mjukuu halali wa mzee Ngassa."

"Mbali na hilo."

Salu alianza kutafuta uzi. Maneno ya daktari yalimrudia yakiwa mazima, kama kwamba masikio yalikuwa yameyaweka stoo. "Alisema… kila mtoto. Kama kurusha shilingi."

"Kwa hiyo mimi nimeangukia upande gani?"

"Bado haijulikani. Lakini hata ukiwa nao, alisema huja uzeeni, na kuna wengine hauwasumbui kabisa. Unaweza kupima ukitaka."

"Na huyu?" Alimgeuzia mgongo, mtoto amelala mdomo wazi.

"Ukiwa hunao wewe, naye hana. Ukiwa nao… shilingi tena."

Scola alifunga kanga vizuri. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Wewe ulikuwa unauomba, baba. Mama kaniambia mpaka kanisani. Mimi sikuomba kitu."

Akarudi bandani kwake. Kuanzia saa hiyo Salu hakushona. Alikaa anatazama ng'ambo ya njia vidole vya binti yake vikiingia na kutoka kwenye nywele za watu. Kila Scola alipousimamisha mkono hewani, hata kama ni kumpungia mteja, Salu alishtuka kitini, akidhani anaukung'uta. Aliishusha plastiki ukutani akaiweka chini ya vitambaa.

Wivu, hata hivyo, haukumwacha, ulihama tu. Sasa alimwonea wivu mtu yeyote ambaye baba yake hajulikani. Alimwonea wivu mpiga debe wa stendi aliyeokotwa sokoni. Zaidi ya wote aliwaonea wivu watoto wa yule mnunuzi wa pamba. Aliwaona kabisa: wako mahali fulani, wanaume wazima, wanalala chali bila mto, wanafunga vifungo vya shati bila kuangalia, na binti zao wanacheka.

Alivumilia siku chache, kisha akachukua bodaboda peke yake hadi Nkololo. Shangazi Generoza alikuwa uani anaanika michembe juu ya jiwe.

"Karibu, ng'wana Ngassa!"

"Shangazi, acha hilo kwanza. Nimekuja unisimulie yule mnunuzi."

"Mnunuzi yupi?"

"Wa pamba. Mwenye kofia na baiskeli."

Bibi akainua uso. "Mambo ya zamani hayo."

"Ulisema alilala hapa msimu mzima."

"Alilala kwa mjumbe. Hapa alikuja kunywa maji."

"Maji tu? Fikiri vizuri, shangazi. Ulihesabu miezi, kidole kilibaki."

"Nilihesabu vibaya. Na Ngassa alirudi katikati kuleta ndama mgonjwa, nilimwona kwa macho yangu, nikanyamaza. Nilikuwa na ugomvi na mama yako juu ya chungu."

Salu alipiga magoti kwenye vumbi, na suruali ya kitambaa kizuri aliyojishonea mwenyewe. "Kupima nako kunakosewa. Huenda mnunuzi naye alikuwa nao ugonjwa huohuo, nani anajua? Au mimi nimebadilishiwa damu kule maabara. Shangazi, wewe ulikuwepo. Sema mama alikuwa anatoka nje. Sema ulimwona. Hata mara moja. Alikuwa mzuri, si alikuwa mzuri? Mwanamke mzuri, mume yuko Kimali…"

Generoza akaweka ungo chini. Yeye aliyekuwa amemsema marehemu mama yake Salu kwa miaka yote ile, kisimani, msibani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, alisimama kwa fimbo yake, amekasirika kweli.

"Toka hapa," alisema. "Huyo unayemtukana ni wifi yangu. Alikuwa mwanamke wa heshima, na sitakubali mtu amchafue mbele yangu, hata awe mwanawe wa kumzaa."

Salu alibaki amepiga magoti. Kuku walikuja wakaanza kula michembe juu ya jiwe, na hakuna kati yao wawili aliyewafukuza.